Kurt Weill bila pazia: simfonia mbili ambazo kumbi zilizipita

Tarehe 11 Oktoba 1934, katika ukumbi wa Concertgebouw mjini Amsterdam, kiongozi wa okestra Bruno Walter aliongoza kwa mara ya kwanza simfonia ya mtunzi ambaye wengi wa waliohudhuria walimjua kwa nyimbo za wezi, ombaomba na makahaba. Kurt Weill alikuwa na umri wa miaka 34. Miaka sita kabla ya hapo, Die Dreigroschenoper, mchezo wa nyimbo alioutunga pamoja na mwandishi wa tamthilia Bertolt Brecht, ulikuwa umelieneza jina lake Ulaya nzima. Na sasa, akiwa mkimbizi nchini Ufaransa, alikuja na kazi isiyofika nusu saa, isiyo na mwimbaji wala hadithi. Hadhira iliipokea vizuri, lakini magazeti yaliikataa. Katika barua aliyomwandikia rafiki yake, kiongozi wa okestra Maurice Abravanel, Weill alisimulia kwamba wahakiki waliiona kazi hiyo kuwa ya kawaida mno, isiyoshikamana na tupu, na kwamba walimfananisha na Beethoven aliyehamia kwenye bustani ya kunywea bia.

Kejeli hiyo ya bustani ya bia inastahili kuchunguzwa kwa sababu imebeba hukumu mbili zilizofungwa pamoja. Hukumu ya kwanza inahusu muziki wenyewe, kwamba melodia zake ni nyepesi kiasi cha kutoweza kubeba uzito wa simfonia. Ya pili inahusu mtu, kwamba huyu ni fundi wa jukwaani aliyeingia nyumba isiyo yake. Nionavyo mimi, hukumu ya pili ndiyo iliyoizaa ya kwanza: wahakiki walikwisha kujua mtunzi anatoka wapi kabla fidla hazijaanza kulia, wakasikia walichokitarajia. Kazi hiyo, ambayo leo tunaiita Simfonia ya Pili, ikaingia katika kundi la tungo zinazotajwa katika wasifu wa mtunzi na kupigwa kwa nadra, hali yale yaliyohesabiwa kuwa udhaifu wake ndiyo hasa yanayoipa nguvu.

Dhana kwamba Weill alikuwa mgeni katika ukumbi wa tamasha haistahimili hata mtazamo wa haraka wa ujana wake. Alizaliwa Dessau tarehe 2 Machi 1900, mwana wa mwimbishaji wa sinagogi, na mwaka 1918 akaenda kusoma Berlin, ambako kwa muda mfupi alifundishwa na mtunzi Engelbert Humperdinck. Kuanzia mwaka 1921 alikuwa mmoja wa wanafunzi wachache waliochaguliwa kuingia darasa la utunzi la mtunzi na mpiga piano Ferruccio Busoni. Kabla ya kukutana na Brecht alikwisha kutunga simfonia, kwarteti ya ala za nyuzi, kazi ya okestra iitwayo Fantasia, Passacaglia und Hymnus, na konsheto (kazi ya mpigaji mmoja anayesindikizwa na kundi) ya fidla na ala za kupuliza, ambayo ilipigwa kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1925. Kwa maneno mengine, ukumbi wa tamasha ndiko alikoanzia. Jukwaa lilikuja baadaye, na lilikuja kwa uamuzi wa mtu aliyekwisha kuujua vizuri upande wa pili. Inasimuliwa kwamba Busoni alimuuliza mwanafunzi wake kwa dhihaka kama anataka kuwa Verdi, yule bingwa wa opera wa Italia, wa maskini, naye akajibu kwa kuuliza kuna ubaya gani.

Simfonia ya Kwanza, ya mwaka 1921, ni kazi ya kijana wa miaka 21 mwenye mambo mengi ya kusema na asiyejua bado lipi aliache. Ni sehemu moja ndefu isiyo na mapumziko, ya takriban dakika 25, ambayo ndani yake zimo hatua kadhaa zenye mwendo tofauti. Inafunguka kwa miporomoko ya sauti nzito zilizopangwa kwa kuruka hadi noti ya nne ya ngazi ya muziki badala ya ile ya tatu iliyozoeleka, mtindo uliokuwa ukitumiwa na mtunzi Schoenberg na wenzake, na mwanzo huo una nguvu ambayo haipungui hata ukiusikia mara ya kumi. Kwenye karatasi ya kwanza Weill alikuwa ameandika maneno kutoka tamthilia ya Johannes R. Becher iliyohusu wafanyakazi, wakulima na askari, na jinsi watu wanavyoanza safari ya kumwelekea Mungu. Hiyo ni dalili kwamba tangu mwanzo alikuwa na masikio mawili, moja kwenye umbo la muziki na jingine kwenye mkusanyiko wa watu.

Historia ya mswada huo imesaidia kuifanya kazi ionekane ya ajabu kuliko ilivyo. Haikupigwa na okestra hata mara moja wakati mtunzi yu hai. Weill alipokimbia Ujerumani aliiacha nyuma, na kwa mujibu wa masimulizi yaliyozoeleka ilihifadhiwa na watawa wa kike nchini Italia, ambao waliiondoa karatasi yenye jina la mtunzi Myahudi na maneno ya mwandishi mkomunisti ili isije ikawaletea balaa. Ilijitokeza tena katikati ya miaka ya 1950, mtunzi akiwa amekwisha kufariki New York tarehe 3 Aprili 1950, na ikasikika kwa mara ya kwanza nchini Ujerumani katika nusu ya pili ya miaka ya 1950. Tazama miaka hiyo kwa makini. Mwaka 1955 Louis Armstrong alirekodi wimbo wa Mack the Knife, uliotoka katika Die Dreigroschenoper, na mwaka 1959 Bobby Darin akaufanya wimbo wa mitaani kote Marekani. Simfonia ilizaliwa upya katikati ya matukio hayo mawili, na sauti yake ndogo haikuweza kushindana na redio.

Ningekuwa nawahadaa wasomaji kama ningesema kwamba Simfonia ya Kwanza ni lulu iliyofichwa. Katikati yake muziki unasongamana. Ala zinarundikwa juu ya ala nyingine hadi mstari mkuu unapotea, na kuna mahali ambapo mtunzi anaonekana kuendelea kwa sababu tu hajapata namna ya kusimama. Ina thamani, lakini thamani yake kubwa ni ya kutuonyesha alikotoka yule aliyetunga ya pili. Wanaotetea kazi zilizosahauliwa hupenda kudai kwamba kila kilichosahauliwa kilionewa, na madai ya namna hiyo huwapa wapinzani wao silaha bure.

Simfonia ya Pili ni jambo jingine kabisa. Iliagizwa na Winnaretta Singer, mrithi wa utajiri wa vyerehani vya Singer aliyekuwa na cheo cha binti mfalme de Polignac kupitia ndoa, mwanamke ambaye fedha zake zilizalisha pia kazi za Stravinsky, Satie, Falla na Poulenc. Weill aliianza Berlin Januari 1933. Tarehe 30 ya mwezi huo Hitler akawa kansela. Tarehe 18 Februari mchezo wa Der Silbersee, alioutungia muziki kwa maneno ya Georg Kaiser, ulifunguliwa siku moja katika miji mitatu, Leipzig, Magdeburg na Erfurt, na baada ya muda mfupi ukasimamishwa kwa vurugu za wafuasi wa Nazi. Mwezi Machi alivuka mpaka kwenda Ufaransa. Simfonia ililazimika kungoja amalize kazi nyingine ya jukwaani, Die sieben Todsünden, iliyoonyeshwa Paris Juni 1933, na ikakamilika Februari 1934 huko Louveciennes, kitongoji kilicho nje ya Paris.

Katika kipindi hicho hicho, tarehe 26 Novemba 1933, nyimbo za Der Silbersee ziliimbwa katika ukumbi wa Salle Pleyel mjini Paris, Abravanel akiongoza okestra. Mtunzi wa Kifaransa Florent Schmitt alisimama na kupaza sauti ya kumshangilia Hitler. Mtu aliyekuwa mezani akiandika simfonia alikuwa amekimbia kelele hizo katika nchi yake, naye akazikuta zikimsubiri katika nchi ya hifadhi, tena kutoka kinywani mwa mwenzake wa fani.

Je, basi, simfonia hii ni hadithi ya uhamisho? Weill mwenyewe aliandika kwa ajili ya onyesho la Amsterdam kwamba hawezi kueleza maudhui ya kazi hiyo, kwa kuwa aliibuni kama umbo tupu la muziki. Tunapaswa kumwamini kwa kiasi fulani. Mtunzi aliyefanya kazi miaka mingi na waandishi wa tamthilia anajua vizuri kuliko wengi jinsi ya kueleza hadithi kwa muziki, na anapokataa kufanya hivyo anakataa kwa kujua anachokiacha. Bruno Walter, ambaye aliipenda kazi hiyo kwa dhati, hakuridhika na ukimya huo. Alipoipeleka New York Desemba 1934, okestra ya New York Philharmonic iliipiga kwa jina la mandhari tatu za usiku. Nia ilikuwa njema, lakini matokeo nayaona kuwa mabaya. Jina hilo liliwaambia wasikilizaji kwamba wanachokisikia ni muziki wa jukwaa uliopoteza jukwaa lake, yaani lilithibitisha tuhuma ile ile ambayo magazeti ya Uholanzi yalikuwa yameitoa.

Hebu tuutazame muziki wenyewe. Jambo la kwanza linalomshangaza mtu anayefungua nota za kazi hii ni udogo wa okestra: filimbi mbili, zumari mbili, klarineti mbili, basuni mbili, pembe mbili, tarumbeta mbili, tromboni mbili, ngoma za timpani na ala za nyuzi. Hakuna kinubi, hakuna matoazi, hakuna tuba. Ukiondoa tromboni, hiyo ni okestra ambayo Haydn angeitambua katika miaka yake ya mwisho. Mwaka 1934, kizazi kimoja tu baada ya Mahler kujaza jukwaa watu zaidi ya mia, kuchagua okestra ya namna hiyo ni tamko la kisanii. Na chanzo chake, kwa maoni yangu, ni jukwaani. Mwaka 1928, katika Theater am Schiffbauerdamm, Weill alikuwa na kikundi kidogo cha wapigaji waliobadilishana ala ndani ya mchezo mmoja. Huko mtunzi hujifunza kwamba ala ikiingia lazima iwe na sababu, na ikinyamaza lazima ukimya wake usikike.

Somo hilo limeenea katika sehemu zote tatu za simfonia. Ya kwanza ina utangulizi wa polepole ambamo tarumbeta moja inaimba juu ya mapigo ya chini yanayotembea kwa utaratibu, kisha mwendo unabadilika na kuwa wa kasi. Msikilizaji aliyezoea nyimbo za Weill atalitambua pigo hilo la usindikizaji, kwa kuwa ndilo ambalo kwenye mchezo wa kuigiza hutangulia mwimbaji. Sikio linaketi na kungoja sauti ya mtu. Sauti haiji. Badala yake melodia inagawanywa vipande, kipande kimoja kinachukuliwa na ala za nyuzi, kingine kinageuzwa mdundo tu, na lile pigo la usindikizaji ambalo tulidhani ni zulia linaanza kuwa mhusika. Hii ndiyo kazi ya simfonia katika maana yake ya kale, kuchukua jambo dogo na kulichunguza mpaka litoe kilichomo, isipokuwa hapa jambo lenyewe limeazimwa kutoka kwenye chombo kingine. Aliyesikia zulia peke yake alisema ni muziki wa bustani ya bia. Hakungoja lilipoinuka.

Sehemu ya pili, Largo, yaani ya mwendo wa polepole sana, ndiyo moyo wa kazi. Ni mwendo wa maziko, mzito na mrefu, wenye mapigo yanayorudi kama hatua za watu walio nyuma ya jeneza, na ndani yake tromboni inapewa wimbo wa peke yake. Uchaguzi wa tromboni una maana. Katika simfonia nyingi za karne ya 19 ala hiyo huwekwa akiba kwa ajili ya vilele, ikijaza sauti pale ambapo utukufu au hofu inahitajika. Weill anaipa kazi ya mwimbaji mmoja, bila haraka, katika sauti ya wastani, akiiacha iseme jambo ambalo ingekuwa rahisi kulikabidhi kwa fidla na kuwaliza watu. Upatanifu wa sauti chini yake hautulii. Unateleza kwa nusu hatua kati ya hali ya furaha na hali ya huzuni, kiasi kwamba msikilizaji hawezi kusema kwa yakini yuko upande upi. Wale wanaozijua nyimbo zake wanaufahamu mtelezo huo. Tofauti ni kwamba wimbo una dakika tatu nao hauna budi kufika mwisho, ilhali hapa mtelezo unaachwa uendelee hadi unakuwa hali ya kudumu, na hapo ndipo Largo inapopata uzito ambao wimbo hauwezi kuwa nao.

Sehemu ya tatu ni rondo ya haraka, yaani muziki ambao wazo lake kuu hurudi tena na tena, nayo ina mzaha. Katikati yake ala za kupuliza zinapiga gwaride, lenye nidhamu kupita kiasi, na si ajabu kwamba wasikilizaji wengi wamesikia ndani yake dhihaka dhidi ya mabuti yaliyokuwa yakitembea Ujerumani wakati huo. Mimi sina haja ya kwenda umbali huo. Inatosha kusema kwamba gwaride linakuja baada ya maziko, kwamba linafurahisha na kutia wasiwasi kwa wakati mmoja, na kwamba kasi ya mwisho inaliacha bila jibu.

Ukweli kwamba lebo, na wala si sauti, ndiyo iliyoamua hatima ya kazi hii unaonekana ukilinganisha na tukio la miaka mitano nyuma. Mwanzoni mwa mwaka 1929 kiongozi wa okestra Otto Klemperer aliongoza mjini Berlin Kleine Dreigroschenmusik, mkusanyo wa vipande vya mchezo ule maarufu uliopangwa kwa ala za kupuliza. Hizo zilikuwa nyimbo zile zile za bustani ya bia, bila kujificha, zikiwa zimeingia katika tamasha la okestra, na zilishangiliwa. Hakuna aliyesema Weill amekosea nyumba, kwa sababu alibisha hodi kwa jina ambalo wenye nyumba walilitarajia. Alipokuja mwaka 1934 na kazi iliyoandikwa mlangoni kwamba ni simfonia, akaulizwa anatafuta nini. Ni kweli kwamba miji ilikuwa tofauti na siasa zilikuwa zimebadilika, lakini mpaka leo okestra zinazotaka kumweka Weill kwenye ratiba hukimbilia mkusanyo huo wa 1929, ingawa unaziacha ala za nyuzi zikikaa bila kazi.

Weill hakuwa wa kwanza kupatwa na jambo hili, na visa vya wengine vinasaidia kupima chake. Mtunzi Mwingereza Arthur Sullivan alikuwa na miaka 23 simfonia yake ya pekee, iliyopewa jina la Ireland, ilipopigwa katika Crystal Palace jijini London Machi 1866. Ilisifiwa. Kisha zikaja opera nyepesi alizotunga na W. S. Gilbert, mojawapo ikiwa The Mikado ya mwaka 1885, iliyoonyeshwa mara 672 katika ukumbi wa Savoy, na wakubwa wa muziki wa Uingereza wakatumia miaka iliyobaki kumsikitikia mtu ambaye, machoni pao, aliuza kipaji chake. Simfonia hiyo ni ya kupendeza, imeandikwa kwa mkono safi, na deni lake kwa Mendelssohn na Schumann liko wazi. Nikiulizwa kama Sullivan alipoteza mkondo alipokwenda jukwaani, nitajibu kwamba sivyo: sauti yake mwenyewe aliipata huko.

Kisa cha Georges Bizet ni kinyume chake. Akiwa na miaka 17, mwaka 1855, alitunga simfonia iliyokaa bila kupigwa hadi ilipoonekana katika maktaba ya Konsevatori ya Paris mwaka 1933, na Felix Weingartner akaiongoza Basel mwaka 1935, miaka 60 baada ya kifo cha mtunzi huyo wa opera ya Carmen. Hiyo ilipendwa mara moja na haijatoka tena kwenye ratiba. Kwa nini Bizet akaribishwe na Weill aachwe mlangoni, wakati kazi hizo mbili zilijitokeza mbele ya watu katika kipindi kimoja? Sehemu ya jibu ni kwamba simfonia ya Bizet haimsumbui mtu. Ni furaha ya ujana iliyokuja na hadithi nzuri ya kupotea na kupatikana. Simfonia ya Pili ya Weill haikupotea kamwe, ilikuwapo, na mtunzi wake alikuwa hai, mkimbizi, anayehitaji kuagizwa kazi. Ulimwengu wa muziki huwa mwepesi wa kuwakarimu waliokufa. (Mwaka 1947 George Balanchine aliichukua simfonia ya Bizet na kuitungia dansi kwa ajili ya Opera ya Paris, hivyo hata kazi hiyo iliyoepuka jukwaa ikaishia jukwaani, na hakuna aliyelalamika.)

Halafu kuna Mmarekani Leonard Bernstein, mtunzi na kiongozi wa okestra, ambaye mchezo wake wa nyimbo West Side Story wa mwaka 1957 ingeweza kuzimeza simfonia zake tatu bila kubakisha hata moja. Hazikumezwa, na sababu kubwa haiko kwenye nota. Bernstein alikuwa mkurugenzi wa muziki wa New York Philharmonic kuanzia 1958 hadi 1969. Aliweza kuzipiga, kuzirekodi na kuzifafanua mwenyewe, na akaacha nyuma yake wanafunzi walioshika fimbo kwa mikono iliyozizoea. Weill hakuwa na okestra. Hakuwa kiongozi wa okestra kwa kazi, hakuwa na kiti cha ualimu, na taifa ambalo kwa desturi lingemfanya mtunzi wake lilikuwa limemfukuza. Mwaka 1938, katika maonyesho ya Düsseldorf dhidi ya ule ulioitwa muziki ulioharibika, jina lake lilikuwa miongoni mwa walioanikwa. Kazi ya kiwango cha juu kabisa huweza kujitetea yenyewe kwa muda mrefu. Kazi iliyo nzuri sana, lakini chini kidogo ya hapo, huhitaji mtu wa kuipigania ofisini, na yeye hakuwa naye.

Lazima pia tukiri kwamba mtunzi mwenyewe hakuipigania. Alifika New York Septemba 1935, na tangu hapo nguvu zake zote zikaenda Broadway, mtaa wa kumbi za michezo ya nyimbo: Knickerbocker Holiday, Lady in the Dark, Street Scene, na mwaka 1949 Lost in the Stars, iliyotokana na riwaya ya Alan Paton kuhusu Afrika Kusini. Katika mahojiano ya mwaka 1940 alisema kwamba hakuwahi kukubali tofauti kati ya muziki mzito na muziki mwepesi, bali kati ya muziki mzuri na mbaya, na kwamba anaandikia siku yake wala hajali vizazi vijavyo. Maneno hayo yamenukuliwa mara nyingi kama ushahidi kwamba simfonia zilikuwa ngozi aliyoivua. Mimi nayasoma vingine. Kama tofauti hiyo haipo, basi simfonia na wimbo vimetoka karakana moja, na hakuna haja ya kimoja kumwonea haya mwenzake. Ushahidi upo katika kazi yake ya kila siku huko Marekani: desturi ya Broadway ilikuwa mtunzi kuandika melodia na kumwachia mtaalamu mwingine kuzipanga kwa okestra, lakini Weill alishikilia kuzipanga ala mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, usiku kwa usiku. Mtu aliyeitupa okestra nyuma yake asingejitesa hivyo.

Lipo pia tatizo la kawaida kabisa la ratiba, ambalo wachambuzi hulipuuza kwa kuwa halina mvuto. Tamasha la okestra kwa kawaida lina kazi fupi ya kufungulia, konsheto yenye mpigaji mgeni, kisha simfonia kubwa baada ya mapumziko. Kazi ya Weill ni ndefu mno kufungua na, kwa kipimo cha wauza tiketi, ni fupi mno kufunga. Tena ni ngumu kuliko inavyosikika. Kwa kuwa ala ni chache na mistari iko wazi, kosa la mpigaji mmoja halina pa kujificha, na okestra inahitaji mazoezi ya ziada kwa ajili ya kazi ambayo jina lake halijazi viti. Meneja anayepiga hesabu zake ataichagua simfonia ya Brahms ambayo wapigaji wanaijua kwa moyo, na hatuwezi kumwita adui wa sanaa.

Rekodi ndizo zilizofanya kile ambacho kumbi hazikukifanya. Katika miaka ya 1960 Gary Bertini alizirekodi simfonia zote mbili na okestra ya BBC Symphony, wakati ambapo mwanazuoni David Drew alikuwa akipanga na kuchapisha urithi wa Weill ambao mjane wake, Lotte Lenya, aliulinda. Baadaye Edo de Waart alizirekodi na okestra ya Gewandhaus ya Leipzig, Marin Alsop na okestra ya Bournemouth, na mwaka 2024 ilitoka rekodi ya Joana Mallwitz na okestra ya Konzerthaus ya Berlin. Hii ya mwisho inaziambatanisha simfonia na Die sieben Todsünden. Kimuziki upigaji wake ni mkali na safi, lakini nina shaka na jirani aliyechaguliwa. Kumweka mwimbaji karibu na simfonia ni kumrudisha msikilizaji kwenye swali la mwaka 1934, sauti ya mtu iko wapi. Ningependa kuona Simfonia ya Pili ikipangwa usiku mmoja na mojawapo ya simfonia za mwisho za Haydn, okestra karibu ile ile ikiwa imeketi, ili masikio yapime ukoo wa umbo badala ya ukoo wa mtunzi.

Anayetaka kuanza leo aiache Simfonia ya Kwanza kwa baadaye na aingie moja kwa moja kwenye Largo ya Pili. Asikilize kasi kwanza, kwa sababu hapo ndipo viongozi wa okestra wanapotofautiana zaidi: kiongozi akiiburuta, mwendo wa maziko unageuka kilio cha filamu, akiikimbiza, wimbo wa tromboni unasikika kama kipande cha mchezo kilichodondoka kutoka kwenye nota za mtu mwingine. Mapigo ya chini yakiwa ya watu wanaotembea kweli, tromboni haihitaji msaada wowote, na gwaride la sehemu ya tatu likiingia dakika chache baadaye, msikilizaji atakuwa amekwisha kuacha kumtafuta mwimbaji.